Cairo ya Naguib Mahfouz kwa miguu: msianzie mkahawani

Ndala Nyepesi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi wa safari kuna mdau aliuliza: ana siku mbili Cairo, piramidi keshaziona, aende wapi? Nikamjibu kwa neno moja, Gamaliya. Akarudi: kuna nini huko? Jibu lilikuwa refu mno kulibana kwenye uzi wa mwenzangu, ndiyo maana nimekuja nalo huku.

Naguib Mahfouz, mwandishi wa riwaya wa Misri, alizaliwa Gamaliya, mtaa wa Cairo ya zamani, tarehe 11 Desemba 1911 na kufariki tarehe 30 Agosti 2006. Katika umri wote huo alitoka nje ya Misri mara chache sana: Yugoslavia, Yemen, na London alikokwenda kufanyiwa upasuaji. Hata Nobel ya fasihi ya 1988 hakwenda kuichukua Stockholm, alituma mabinti zake wawili. Maisha yake yalikuwa kati ya nyumbani, ofisini na mkahawani. Mtu wa namna hiyo humalizi hata siku mbili kumfuata nyayo.

Mara ya kwanza nilipigwa, nakiri. Tulikuwa watu sita, tukamlipa mtembezaji mmoja, akatupakia kwenye kibasi, akatushusha El Fishawi, mkahawa wa vioo vikubwa ndani ya Khan al-Khalili. Tukanywa chai ya nanaa. Akanyoosha kidole: alikuwa akikaa pale. Picha, picha, haya twendeni. Kituo cha pili kikawa duka la manukato, na humo tulikaa muda mrefu kuliko tuliokaa kwa Mahfouz. Nilirudi hotelini nikinuka yasmini na hasira.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu na kitabu kwapani. Nilianzia barabara ya al-Mu'izz, pale panapoitwa Bayn al-Qasrayn.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati yetu. Mzungu lazima atafsiriwe majina ya riwaya zake tatu zinazofuatana, za 1956 na 1957. Wewe tega sikio tu. Bayn al-Qasrayn: baina ya makasri mawili. Qasr al-Shawq: kasri la shauku. Al-Sukkariyya: sukari imo humo humo. Na hayo si majina aliyoyabuni mezani, ni ya mitaa, yapo mpaka leo na watu wanafua na kuanika ndani yake. Makasri yenyewe, ya watawala wa Kifatimiya, yalitoweka karne nyingi zilizopita. Kilichobaki ni jina la uwazi uliokuwa katikati yake.

Simama mbele ya sabili ya Abdel Rahman Katkhuda. Ni jengo dogo la 1744 lililokaa pale njia inapogawanyika, kama meli iliyokwama katikati ya mto. Chini watu walipewa maji ya bure, juu watoto walisomeshwa Kurani. Kwa Kiswahili ningesema sabili chini, chuo juu, na Mmisri angenielewa. Riwaya ya kwanza inafunguka usiku wa manane, Bi Amina kaamka kwa mazoea kumsubiri mumewe anayerudi kutoka kwenye starehe zake. Anasogea kwenye mashrabiya, lile dirisha la mbao lililochomoza nje ya ukuta, lenye vitundu vya kuona bila kuonekana. Anachungulia. Anachokiona ni sabili hii, na minara ya majengo ya masultani Qalawun na Barquq.

Nyumba yake usiitafute, haijawahi kuwepo. Minara ipo. Nilisimama nikainua kichwa mpaka shingo ikauma.

Kisha nikatembea njia yake. Waliosoma wanajua: mume kasafiri kwenda Port Said, watoto wakamshawishi mama yao atoke, akazuru msikiti wa al-Hussein, yeye na mwanawe mdogo Kamal amemshika mkono. Nami nikaondoka pale sabilini kuelekea al-Hussein, saa mkononi. Nikapita wauza shaba, nikasimama kumpisha kijana wa baiskeli aliyebeba ubao mzima wa mikate kichwani huku mkono mmoja tu uko kwenye usukani, nikakata kushoto vichochoroni. Dakika nane. Pamoja na kumpisha yule wa mikate.

Wakuu, dakika nane! Niliposoma nilidhani ni safari. Mwanamke kaolewa hajafika miaka 14, kaishi pale zaidi ya miaka 25, anampenda al-Hussein, mjukuu wa Mtume, kuliko kitu, na msikiti wa al-Hussein uko umbali wa kwenda kununua chumvi na kurudi. Hakuwahi kufika. Mwandishi hakuliandika hilo kwa herufi kubwa, lakini miguu yako inakuambia.

Na wakati wa kurudi, Kamal anamtaka mama yake wapitie Sikka al-Jadida kwa sababu kuna duka la vitamutamu. Gari linamgonga, mfupa wa mtulinga unavunjika. Mume anarudi, anamsubiri apone kabisa, halafu anamwambia arudi kwao. Nami nilipokuwa nimezubaa maeneo hayo hayo nikiwaza hayo, nikapigwa kumbo na mkokoteni wa majora ya vitambaa. Mwenye mkokoteni hata hakugeuka.

Nitaendelea na siku ya pili baadaye. Karibuni.

Kahawa Chungu

Uzi bila picha ni chai, mkuu.

Ndala Nyepesi

Picha za mara ya kwanza zote ni za glasi ya chai, kwa hiyo upo sahihi. Za mara ya pili ni za minara iliyokatika kichwa. Si mpiga picha mimi.

Mama Wawili

Kaka Ndala, hilo la dakika nane limenikaa kifuani. Nilisoma hicho kitabu chuoni, kwa Kiingereza, na darasani tulibishana juu ya ukoloni na mapinduzi ya 1919 dhidi ya Waingereza wiki nzima. Hakuna aliyeuliza msikiti uko umbali gani.

Ila nina neno. Msimfanye Bi Amina sanamu la kuhurumiwa. Mle ndani ya nyumba yeye ndiye mwenye dari. Kule juu ana kuku wake, njiwa wake, na bustani yake ya vyungu, na mwandishi anapofika huko kalamu inabadilika, inakuwa nyepesi. Ukitembea pale chini mtaani angalia juu pia, kwenye mapaa.

Halafu swali la vitendo: mwanamke peke yake anapita bila bughudha?

Ndala Nyepesi

Dada, hilo la darini umenishinda, sikuangalia juu ya paa hata moja. Swali lako wamjibu wanawake waliopita, mimi nitadanganya.

Pilipili Hoho

Nilipita peke yangu, mara mbili. Asubuhi mapema hakuna shida, wenye maduka ndiyo kwanza wanamwagia maji vumbi na hawana habari na wewe. Jioni ndani ya Khan al-Khalili utaitwa kila jina mpaka uchoke. Vaa kitu cha heshima, beba mtandio kwa ajili ya misikiti, tembea kama unayekwenda mahali. Ukisimama tu na kugeuza ramani, wameshakuzunguka.

Azhari wa Zamani

Assalaam alaykum. Nimekaa mitaa hiyo miaka saba nikisoma, nyuma ya msikiti wa Azhar. Mleta uzi kaeleza vizuri ila kampita mwenyewe mlangoni bila kubisha.

Kutoka Bayn al-Qasrayn, ubavuni mwa Qalawun, kuna njia ya kuingia mashariki. Inakutoa kwenye kiwanja cha Bayt al-Qadi, yaani nyumba ya kadhi. Utakijua kwa baraza la Amiri Mamay, la mwaka 1496, matao matano marefu yaliyo wazi mbele. Mahfouz alizaliwa kwenye nyumba iliyokitazama kiwanja hicho. Nyumba imeshavunjwa. Wageni wengi wakiambiwa hivyo wananuna na kuondoka, na ndiyo makosa, kwa sababu dirisha la nyumba ile halikuwa na thamani kwa mbao zake, lilikuwa na thamani kwa kile lililokitazama. Mwaka 1919 mtoto wa miaka 7 alikuwa akichungulia hapo, akawaona askari wa Kiingereza wakiwapiga risasi waandamanaji. Ukubwani alisema hakuna kitu kilichoutikisa utulivu wa utoto wake kama hicho. Sasa kasomeni tena mwisho wa ile riwaya ya kwanza, kifo cha Fahmy, mwana wa Bi Amina, kwenye maandamano, mkijua mwandishi alisimama wapi.

La kuchekesha kidogo: jina lake la kwanza ni Naguib Mahfouz lote kwa pamoja. Alipewa jina la daktari aliyemzalisha mama yake, Naguib Pasha Mahfouz, Mkopti, bingwa wa uzazi. Mwislamu wa Gamaliya kabeba jina la daktari Mkristo, na hakuna aliyeona ajabu.

Familia ilihamia Abbasiya, mtaa mwingine wa Cairo, angali mtoto, ila yeye alikuwa akirudi Gamaliya kila apatapo sababu. Na serikali ikampa sababu nzuri kuliko zote: alipokuwa mtumishi wa Wizara ya Wakfu, alipangiwa maktaba iliyokuwa kwenye majengo ya Sultani al-Ghuri, hatua chache kutoka Azhar. Wenzake wangeona kama kutupwa kapuni, mshahara upo lakini kazi hakuna. Yeye akasoma vitabu na kukaa mikahawani kwa ruhusa ya serikali.

Mzee wa Hoja

Samahanini wakubwa, mimi naona huu ni ushamba wa kisomi. Watu wazima mnapima dakika za mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ukitaka Mahfouz, kaa kwako usome. Mwandishi yuko kwenye karatasi. Kama mahali pangeandika riwaya, kila kinyozi wa Gamaliya angekuwa na Nobel.

Kahawa Chungu

Mzee kaja na moto 😂

Azhari wa Zamani

Mzee wangu, shikamoo. Kinyozi umemtaja bila kujua, Abbas wa kwenye riwaya ya Zuqaq al-Midaqq ni kinyozi. Nikusimulie mahali hapo, halafu uamue.

Unashika mtaa wa Sanadiqiya, jina limetoka kwenye sanduku, walikuwa mafundi masanduku. Upande mmoja kuna upenyo. Unapanda vidaraja, mawe yameliwa katikati na nyayo, na kabla hujamaliza kusema bismillahi umegonga ukuta wa mwisho. Basi, ndiyo imekwisha. Mara ya kwanza nilirudi nikamuuliza muuza vitambaa, Midaqq iko wapi? Akacheka, akasema wewe umetoka humo. Kibao cha jina sikukiona, na wenyeji wana hadithi zao kuhusu kibao hicho na bakshishi za watalii.

Sasa chukua riwaya, ya mwaka 1947. Mle kuna mkahawa wa Kirsha, duka la basbusa, keki tamu ya semolina, la Mzee Kamil anayesinzia mlangoni, kinyozi, tanuri la mikate, na Zaita anayewatengenezea ombaomba vilema kwa malipo, na Hamida anayeutazama uchochoro wote kwa dharau. Dunia nzima ya Vita vya Pili imeshindiliwa kwenye mahali ambapo mikokoteni miwili haipishani. Ukisoma nyumbani unadhani ni mtaa. Ukifika ndipo unaona kwamba kazi ya mwandishi ilikuwa kushindilia. Hilo karatasi haikuonyeshi, kwa sababu karatasi ni kubwa kuliko uchochoro.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Hapo kwenye kushindilia nimekuelewa. Bado dakika nane sijazikubali.

Ndala Nyepesi

😂 Haya mzee. Mimi kwenye Midaqq ninachokikumbuka ni ule mwanzo, mshairi mzee na rababa yake, ala ya nyuzi, anaingia mkahawani kusimulia kama alivyofanya miaka yote, na mwenye mkahawa anamfukuza kwa sababu wameweka redio. Nilipofika uchochoro ulikuwa kimya, ila simu ya mtu ilikuwa ikitoa matangazo ya mpira mahali fulani juu, dirisha silioni.

Naendelea na siku ya pili.

Hii ni Cairo nyingine kabisa, ya ng'ambo ya Nile. Mahfouz mtu mzima aliishi Agouza, kwenye jengo la barabara ya Nile. Ni makazi ya watu, msiende kugonga milango. Alikuwa mtu wa ratiba kiasi kwamba majirani wangeweza kurekebishia saa. Utumishi wa serikali aliuanza 1934 na kustaafu 1971, na riwaya zote hizo nene aliziandika akitoka kazini, kama wengine wanavyofuga kuku jioni. Baada ya kustaafu aliendelea kutoka asubuhi kama mtu anayewahi ofisi. Alivuka madaraja mpaka uwanja wa Tahrir, akapanda ghorofani mkahawa wa Ali Baba, akakaa dirishani na magazeti.

Nami nikavuka. Daraja la Qasr al-Nil lina simba wanne wa shaba, wawili kila upande. Kwa kijana ni matembezi mazuri. Kwa mzee mwenye kisukari, masikio mazito na macho yanayofifia, katikati ya yale magari, ni ukaidi.

Kutoka Tahrir shika barabara ya Talaat Harb mpaka Café Riche, uliofunguliwa 1908. Huko ndiko aliweka baraza lake la Ijumaa na waandishi vijana, baada ya baraza la awali la mkahawa wa Casino Opera kuvunjika. Chini yake kuna handaki lililokuwa na mtambo wa kuchapia karatasi za wanamapinduzi wa 1919. Tazama mzunguko: mtoto anachungulia risasi kule Bayt al-Qadi, na karatasi zilizowatoa watu barabarani zilichapwa huku, chini ya sakafu ambayo miaka mingi baadaye atawekea miguu akinywa kahawa.

Kisu Butu

Huyu si ndiye aliyeandika kitabu cha kukufuru mpaka akachomwa kisu? Mbona hilo hamlisemi, mnasema chai na minara tu?

Azhari wa Zamani

Tunalisema, ndugu yangu, tena kwa utaratibu.

Kitabu ni Awlad Haratina. Kilitoka kwa mfululizo kwenye gazeti la al-Ahram mwaka 1959, wanazuoni wakapinga, kikachapwa kama kitabu Beirut 1967. Chapa ya Cairo haikutoka mpaka mwaka aliofariki. Nimesoma kwenye Azhar hiyo hiyo na nina walimu wangu waliokuwa na maneno makali juu yake, siwezi kuwavunjia heshima hapa. Kukipinga kitabu ni jambo moja.

Tarehe 14 Oktoba 1994, Ijumaa, mzee wa miaka 82 anaingia kwenye gari la rafiki yake nje ya nyumba ile ya Agouza, wanakwenda kwenye baraza la wiki. Kijana anasogea dirishani. Mahfouz anadhani ni msomaji kaja kumsalimia. Anachomwa shingoni. Kilichomwokoa ni hospitali ya polisi iliyokuwa karibu hapo hapo. Na aliyemchoma alikiri hajakisoma kitabu. Mishipa ya mkono wa kulia iliharibika, akaanza kujifunza upya kushika kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo maana maandishi yake ya mwisho, zile ndoto za kipindi cha kupona, ni mafupi hivyo. Mkono haukuweza zaidi.

Kisu Butu

Sikuwa najua kwamba hakusoma. Nabadilisha jina la akaunti.

Mama Wawili

Ungelibadilisha kabla hujauliza 😄

Ustaadh Azhari, je, makumbusho? Nilisikia yapo.

Azhari wa Zamani

Yapo, dada, yalifunguliwa Julai 2019 kwenye takiya (makazi ya masufi) ya Abu al-Dhahab, jengo la karne ya 18 jirani kabisa na msikiti wa Azhar. Vitu vyake binafsi, medali, vyeti, vitabu. Ni pazuri, lakini pawe pa mwisho. Ukianza nako utaona miwani na kalamu za mzee fulani.

Na mleta uzi, kwenye ramani yako umesahau Sukkariyya. Ipo kusini, ukivuka barabara ya Azhar upitie Ghuriya mpaka unakaribia lango la Zuweila. Wengi wanaishia upande wa kaskazini kwa sababu ndiko kulikokarabatiwa na kuwekwa taa. Kusini bado wanauza magodoro na nguo za ndani, na ndiko kunakofanana zaidi na vitabu.

Ndala Nyepesi

Sikusahau, miguu ilikuwa imevimba. Napokea marekebisho. Kwa hiyo siku ya kwanza iwe: sabili, Bayt al-Qadi, njia ya Bi Amina mpaka al-Hussein, Sanadiqiya na Midaqq, pita njia ya chini ya barabara kuingia upande wa Azhar, Ghuri, Sukkariyya, kisha rudi makumbushoni. El Fishawi nendeni usiku mkiwa mmechoka, chai yake siyo mbaya ukishakuwa na la kuzungumza.

Pilipili Hoho

Na wapi pa kumalizia siku ya pili? Riche?

Azhari wa Zamani

Mimi ningerudi al-Hussein. Alipofariki, serikali ilimwandalia mazishi ya kijeshi kule Nasr City, msikiti wa al-Rashdan, wakubwa wote na bendi. Lakini mwenyewe alikuwa ameomba aswaliwe al-Hussein. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 31 Agosti 2006 jeneza lilipitishwa Gamaliya kwanza, wakamswalia watu wa mtaani, ndipo likachukuliwa.

Mzee wa Hoja

Kutoka Bayt al-Qadi mpaka hapo al-Hussein ni dakika ngapi?

Ndala Nyepesi

Tano, mzee. Sita ukikutana na yule wa mikate.